Utepe wa Garanti

Kioo cha kompyuta kilizimika Angèle akiwa katikati ya barua ya mdogo wake. Nikisema kilizimika kwenye neno "mwaminifu" mtaniambia natunga. Neno hilo alikwisha kulipita, mistari miwili nyuma, na vidole vyake vilikuwa vinaielekea tarehe. Ghafla, weusi. Feni iliyokuwa ikikoroma ndani ya mashine kama mzee mwenye mafua ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akawasikia wanawake wakibishana huko nje juu ya magunia ya chisense, vile vidagaa vya ziwa ambavyo mji mzima wa Kashikishi, upande wa Zambia, unanuka kwavyo.

Aliitazama taa ya kibanda cha jirani. Inawaka. Basi si umeme. Akabonyeza kitufe mara moja, mara mbili, kisha akaweka mikono mapajani. Ilikuwa saa nne. Saa tisa Pierrette, katibu wa kamati ya wakazi, angekuja kuichukua barua na kuipeleka Mantapala, na jioni hiyohiyo kamati ingeketi.

Barua hiyo haikuwa barua ya mchezo. Kulikuwa na wafadhili huko Lusaka waliotaka kutoa laptop ishirini kwa vijana wa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, na kamati ya wakazi ilikuwa inatafuta mtu wa kuzifuata, azipokee kwa sahihi yake, azifikishe. Guylain, mdogo wake Angèle, alitaka awe yeye. Anavuka ziwa kila wiki na biashara zake, mambo ya mpakani anayajua, Kifaransa anacho na Kibemba anacho. Alichokosa ni mtu wa kumsemea. Kamati ikamwambia wazi: Madame Angèle akiandika na kutia sahihi, yamekwisha. Ndivyo walivyomwamini. Tangu enzi za kambi ya Kenani, walikopokelewa kwanza, alikuwa amechapa maelezo ya watu waliokimbia vita, mambo ambayo mtu hawezi kumwambia hata mumewe, na halijawahi kutoka neno moja nje ya kibanda chake cha kuchapia.

Na yeye kwa Guylain hakuwa na shaka. Ndugu aliyebaki ni huyo mmoja tu. Tena hata mashine aliyokuwa anaandikia ilitoka mkononi mwa Guylain.

Hiyo mashine ina historia, na ni lazima niieleze, hata kama Angèle mwenyewe alikuwa amechoka kuieleza. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, alikuwa mwalimu katika shule ya msingi ya kijiji kinachoitwa Mukobe. Padri aliwahi kutangaza kanisani kwamba marafiki wa Ulaya wanailetea shule kompyuta kumi na mbili. Zikingojewa, Angèle akakata maboksi ya sabuni, akachora vitufe kwa kalamu ya wino, herufi moja baada ya nyingine, akampa kila mtoto kipande chake. Akasimama mbele ya darasa na kuamuru, "Bidole nyumbani!" na watoto arobaini wakaweka vidole kumi juu ya karatasi ngumu, kila kidole mahali pake pa kupumzika. Kisha anataja neno, nao wanaliandika, taka taka taka, bila kuonekana kitu popote. Walifanya hivyo miaka miwili.

Guylain wakati huo alikuwa Lubumbashi, akifanya kazi na watu wanaotoa mizigo forodhani. Angèle ndiye aliyemwomba afuatilie kontena lenye kompyuta hizo. Akafuatilia. Mara limekwama, mara linangoja muhuri, na mwisho akaleta habari kwamba mizigo imeporwa njiani. Angèle alilia mbele ya watoto, jambo ambalo mwalimu hafanyi. Na miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2016, huyo hapo Guylain akashuka kwenye lori na kompyuta moja imefungwa blanketi. Ameipata kwa mfanyabiashara, akasema, ghali kabisa, lakini dada yake hawezi kubaki mikono mitupu. Angèle hakuwa na pesa ya namna hiyo. Alichokuwa nacho ni nusu yake ya shamba la michikichi aliloacha baba yao, kando ya ziwa. Akamwachia.

Mwaka uliofuata vita vikafika Mukobe. Shule ikachomwa na vitabu vyake na maboksi yake. Usiku wa kuvuka, mwenye boti alisema mzigo umezidi; Angèle akatupa begi la nguo na gunia la unga, akabaki na mashine magotini mpaka Zambia. Watu walimwona mwendawazimu. Lakini mashine ikamlisha, yeye na watoto wake wawili, na ikawasomesha.

Kweli ilizeeka. Kila mwaka zilikuja nyingine ndogo zaidi, za bei ya chini zaidi na nguvu zaidi. Suwilanji, mwanamke wa kibanda cha jirani anayetengeneza simu na redio, alikuwa amenunua laptop nyembamba kama daftari kwa bei ya magunia matatu ya chisense, nayo inafanya kwa dakika moja kazi ambayo mashine ya Angèle inaifikiria kwanza. Angèle aliposikia bei hiyo mara ya kwanza, alimwomba airudie. Nusu ya shamba la michikichi, na leo magunia matatu! Akamwambia Guylain, naye akacheka kwa upole, akamshika bega. "Yaya," alisema, kama kwao anavyoitwa dada mkubwa, "ordinateur iko inashuka bei kila mwaka. Ile haina kosa ya mutu." Maneno hayo yalimtuliza. Akawa anayarudia mwenyewe kila alipokiona kidude kipya sokoni: haina kosa ya mtu.

Sasa Suwilanji alikuwa amesimama mlangoni, bisibisi nyuma ya sikio.

"Leo tunafungua, mukwai," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, akitia na neno la heshima la Kibemba. "Mukikataa, hii mutaizika."

Angèle akatikisa kichwa. Nyuma ya mashine, ubavuni chini, kulikuwa na utepe mpana mweusi ambao Guylain aliubandika kwa mkono wake siku ile ya kuileta, na juu yake akaandika kwa rangi nyeupe: GARANTI, USIFUNGUE. Alimweleza kwamba utepe ukitoka, garanti, ile dhamana ya muuzaji, imekufa, na mashine nayo itafuata. Angèle aliuheshimu utepe huo kuliko watu wengi wanavyoheshimu sheria za nchi. Kila Jumamosi alifuta vumbi kuuzunguka. Joto lilipoinua pembe zake, alinunua utepe mwingine kwa pesa yake, akabandika juu, akayaandika upya maneno yaleyale kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Kufikia siku hiyo zilikuwa tabaka tatu.

"Garanti itakufa," alisema.

"Garanti ya miaka tisa?" Suwilanji alicheka mpaka akashika mlango. "Ba Angèle, hata ndoa hawaitolei garanti ya miaka tisa."

Angèle naye akacheka, bila kutaka. Kisha akafikiria saa tisa, na kamati, na Guylain anayemtegemea. Kwa ajili ya Guylain, basi. Akasogeza kiti pembeni.

Suwilanji alifungua skrubu tatu. Ya nne ilikuwa chini ya utepe. Akaingiza ukucha pembeni, akavuta, na tabaka zote tatu zikatoka pamoja kwa mlio mrefu wa kuchanika. Hakuangalia kilichokuwa chini; macho yake yalikuwa kwenye skrubu. Akaondoa ubavu wa bati, akauegemeza ukutani, akapuliza ndani, na vumbi la Kashikishi, la Kenani na labda la Mukobe likatoka kama unga. Akachomoa kipande kimoja kidogo cha kijani, akakisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akakirudisha. Akabonyeza. Feni ikakohoa. Kioo kikawaka.

"Uchafu tu," alisema Suwilanji. "Garanti yenu ilikuwa inakula mashine."

Angèle alikuwa amechuchumaa mbele ya kile kipande cha bati kilichoegemezwa ukutani. Pale utepe ulipokuwa, kulikuwa na kibati kidogo cha rangi ya fedha, kimepigiliwa kwa misumari miwili isiyo na vichwa, namna ya kitu kisichotakiwa kung'oka. Gundi ilikuwa imekiacha kisafi, kama cha jana. Maneno yake yalikuwa ya Kifaransa na hayakuwa magumu. Zawadi kwa Shule ya Msingi ya Mukobe. Mashine ya 4 kati ya 12. Hairuhusiwi kuuzwa.

Aliyasoma mara ya pili polepole, akifuata kwa kidole, kama alivyowafundisha watoto wa darasa la kwanza.

Suwilanji aliuliza kama kuna tatizo. Angèle akasema hakuna, akamshukuru, akataka kumlipa, na Suwilanji, ambaye si mjinga, akaitazama sura yake, akakataa pesa na kurudi kwenye kibanda chake.

Alipobaki peke yake, Angèle alifanya jambo la ajabu. Aliuokota utepe, ule mnene wa tabaka tatu, akajaribu kutenganisha la juu na la kati. La juu ni lake. La kati ni lake. La chini ni la Guylain. Mawili kati ya matatu yalikuwa mwandiko wake mwenyewe. Hapo ndipo alipoumia kweli. Alikuwa ameufunika wizi wa mdogo wake kwa mikono yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, akiupangusa na kitambaa. Na ile bei aliyoililia kwamba imeshuka, haikushuka. Haikuwahi kuwapo. Mashine ilikuwa bure, ilikuwa ya watoto, na yeye alikuwa ameilipia nusu yake ya shamba la baba.

Barua ilikuwa bado kwenye kioo, kamili isipokuwa tarehe na sahihi. *Ninamfahamu tangu kuzaliwa kwake. Ni mtu mwaminifu.*

Guylain alifika saa nane, amevaa shati la pasi, na chupa ya mafuta ya mawese mkononi. Kila akivuka kutoka ng'ambo humletea chupa moja. Huwa anaitania kwamba michikichi ya baba bado inawakumbuka, ingawa alikwisha kuiuza, sasa ni ya mtu mwingine na hayo mafuta ananunua kama kila mtu. Aliiweka chupa mezani. Akauliza barua. Halafu akaona mashine iko wazi, matumbo nje, na macho yake yakaenda moja kwa moja chini ya ubavu wa bati, pale pale. Asiyejua kitu huangalia kwanza kote. Guylain hakuangalia kote.

"Keti," Angèle alimwambia. "Unisomee ile kibati. Macho yangu leo haiko sawa."

Hakukaa, wala hakusoma. Alijipangusa jasho la shingoni kwa leso, akaikunja leso, akairudisha mfukoni. Nje mtu alikuwa anapanga chisense juu ya turubai kwa fagio.

"Yaya, ulijionea na macho yako," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Shule iliungua yote. Kama nilizipeleka Mukobe, zingeungua. Hii moja ilipona sababu ilikuwa kwako. Imekulisha. Imelisha batoto yako. Sasa kosa yangu iko wapi?"

Jibu hilo alikuwa nalo tayari, miaka tisa alikuwa nalo, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa na ukweli ndani. Angèle aliutafuta uongo humo na hakuupata upesi. Ni kweli shule iliungua na vyote vilivyokuwamo. Ni kweli mashine hii ilimlisha. Akahesabu miezi kichwani, tangu blanketi lilipofunguliwa kijijini hadi siku ya moto.

"Mwaka na nusu," alisema.

"Nini?"

"Batoto bangekuwa nazo mwaka na nusu. Ziungue kisha, sawa. Lakini bangekuwa bamezigusa."

Guylain akatazama chini. Angèle akamuuliza zile nyingine kumi na moja ziko wapi, naye akasema Lubumbashi maisha yalikuwa magumu, kulikuwa na wakubwa waliokula fungu kubwa kuliko lake, yeye alikuwa mtu mdogo tu wa kubeba. Akamuuliza siku ile alipolia mbele ya darasa, alipata kuisikia habari yake? Akasema aliisikia. Ndiyo maana akamletea moja. Alilisema hilo kwa moyo wote, na Angèle akaona kwamba mdogo wake analiamini: kwamba alimwonea huruma, akamuuzia.

Alitaka kumpiga. Alimtandika sana utotoni, kwa sukari iliyoibwa, na angalau wakati ule alijua cha kufanya. Sasa mikono yake ilikuwa mizito. Huyu ndiye aliyemtafuta Kenani hema kwa hema mpaka akampata. Huyu ndiye aliyemzika mume wake. Hakuwa na ndugu mwingine wa kumpenda badala yake.

Guylain akasogea hatua moja, na ndipo akasema neno ambalo afadhali asingelisema.

"Na barua?"

Angèle akainua uso.

"Yaya, zile ya Lusaka nitazifikisha zote. Mbele ya Mungu." Alikuwa anaongea haraka sasa. "Wakati ule ordinateur ilikuwa mali. Leo laptop ni bei ya samaki. Nani ataiba kintu ya bei kidogo vile?"

Angèle alimtazama tu, kama unavyomtazama mtu uliyempungia mkono kwa mbali ukidhani unamfahamu. Akaichukua ile chupa ya mawese, akampa mkononi, na kumwambia aende. Guylain alisimama kidogo na chupa yake, shati la pasi limeanza kulowa mgongoni, akatazama kioo chenye jina lake, akatoka. Hakwenda mbali. Alikaa kwenye benchi la wauza chai, upande wa pili wa njia, mahali ambapo angemwona Pierrette akiingia na akitoka.

Saa moja iliyobaki Angèle hakufanya kazi. Mteja mmoja alikuja na ratiba ya msiba ya kuchapwa, akamwambia arudi kesho. Aliuweka mkono wake mmoja juu ya kibodi na mwingine juu ya kibati. Kufuta barua ni kitufe kimoja. Kuweka tarehe na sahihi ni dakika moja. Akitia sahihi, vijana ishirini wa Mantapala labda watapata laptop zao, kwa sababu labda Guylain sasa anasema kweli, au labda wataletewa utepe kama wake. Asipotia, kamati itauliza kwa nini, na jina la baba yake litazunguka makazi yote kabla jua halijazama. Kwa vyovyote vile jina litakalotajwa litakuwa lake.

Pierrette alifika saa tisa kasoro, na mtoto mgongoni. Sasa ni mama wa watoto wawili na katibu wa kamati, mwanamke wa kukata maneno mafupi. Lakini kwa Angèle alibaki mtoto wa dawati la tatu pale Mukobe, aliyekuwa anaandika kwa kasi kuwashinda wavulana wote, na aliyevuka ziwa na kipande chake cha boksi ndani ya blauzi mpaka maji ya boti yakakiozesha.

"Madame," alisalimu, "barua iko tayari?"

Angèle alikuwa ameandaa la kusema. Alikuwa na mwanzo wake, wa upole, unaoanza kwa "mwanangu". Haukutoka. Badala yake aliinama, akakinyanyua kile kipande cha bati kwa mikono miwili, akakilaza mezani mbele ya Pierrette, kibati kikiangalia juu.

Pierrette akasoma. Midomo yake ilicheza alipofika kwenye jina la shule. Kisha akainua macho, akakitazama kioo kilichokuwa kinang'aa nyuma ya Madame, akaliona jina lililoandikwa pale, na polepole akageuza kichwa kuelekea mlangoni, kwenye benchi la chai, ambako mwanamume mwenye chupa ya mawese miguuni alikuwa amejiinamia. Akaelewa yote. Angèle aliona jinsi anavyoelewa, na akaona aibu kama vile yeye ndiye aliyeiba.

Pierrette alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akavuta kigoda, akaketi upande wake wa meza, mahali ambapo hapakuwa na kibodi, hapakuwa na chochote ila mbao tupu. Akainyoosha mikono yake yenye magamba ya samaki, akaweka vidole kumi juu ya mbao, kila kimoja mahali pake pa kupumzika.

Akangoja, kama zamani, Madame amtajie neno.